Vakyumu ya Maji ya Ndeshi

Kila nikisikia watu wanamsifu Ndeshi kwa upole wake, roho yangu inachafuka. "Mama Allen hana maneno," wanasema, na wanasema kwa furaha, kwa sababu mtu asiye na maneno ni rahisi kumtwisha mizigo. Mimi maneno ninayo. Nimejaliwa mdomo, na kwa ajili ya huyu mwanamke nimeutumia mpaka nikatazamwa kanisani kama mwizi wa sadaka.

Ndeshi ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Peter. Aliletwa nyumbani kwetu, juu kidogo ya Nkoaranga, akiwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, na sauti hiyo haijapanda mpaka leo. Kilichopanda ni kikohozi. Mimi niliolewa mjini, nakaa Kaloleni, nashona vitambaa na vifuniko vya makochi, lakini nyumbani sijapatupa. Kila nikilala kule namsikia Ndeshi alfajiri anakohoa huku anakamua ng'ombe, anakohoa huku anakata migomba ya kulishia. Nyumba nzima imezoea, kama watu wanavyozoea mlango unaolia.

Kikohozi hicho kina historia, na historia yake ni kanisa letu. Ni kanisa dogo, mtaa tu wa usharika. Tunaongozwa na mwinjilisti, na mchungaji tunamwona siku za Meza ya Bwana. Sakafu ni saruji, ila mbele kwenye madhabahu kuna kapeti jekundu nene, zawadi ya watu wa zamani, na hapo ndipo watoto wa kipaimara hupiga magoti. Tangu Allen akiwa mgongoni mpaka sasa Allen ana ndevu, Ndeshi ndiye anayefagia pale kila Jumamosi, kwa posho ambayo haifiki hata kwenye sabuni. Tena anafagia milango ikiwa imefungwa. Mbuzi wa jirani waliwahi kuingia wakala maua ya madhabahuni siku moja kabla ya harusi ya watu, basi wazee wa kanisa wakatoa amri kwamba anayefagia ajifungie ndani. Mbuzi walifikiriwa. Maua yalifikiriwa. Ndeshi hakuna aliyemfikiria.

Katikati ya wiki alikuwa na kazi nyingine, kwa wazungu wawili, mume na mke, waliopanga nyumba kule chini karibu na lami. Huko ndiko alikokutana na ile mashine.

Vakyumu, mashine za kufyonza vumbi, nimeziona nyingi kwa wateja wangu wa mjini, zile zenye mfuko ndani, unaukung'uta nje huku umeziba pua. Hii haina mfuko. Ina kichwa kikubwa cha kijivu, mpira mrefu, na chini yake bakuli la plastiki ngumu unaloliona hadi ndani. Unatia maji kwenye bakuli, unabana vishikizo, unawasha. Vumbi linavutwa, linazama kwenye maji, na hewa inayotoka nyuma haina hata chembe. Ukimaliza unamwaga maji, basi. Ndeshi aliponisimulia sikuamini, nikamwambia anafua nguo kwa mdomo, maneno matupu. Akacheka kidogo, akasema, "Wifi, siku ninazoitumia ile kitu, usiku silali nimekaa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba siku nyingine hulala amekaa.

Wale wazungu walipomaliza mambo yao wakarudi kwao. Ungedhani wangemwachia Ndeshi mashine yake. Yeye ndiye aliyeitumia, yeye ndiye aliyejua vishikizo vyake, yeye ndiye aliyebeba masanduku yao mpaka kwenye gari. Walimkumbatia, yule mama akalia machozi, wakampa picha yao wenyewe kwenye fremu. Mashine wakaitoa sadaka kanisani, iuzwe kwenye mnada. Picha ile bado ipo ukutani kwa Ndeshi. Ingekuwa kwangu ningeshaiwashia jiko.

Kwetu ibada haiishi kwenye baraka. Watu wakitoka wanasimama uwanjani, na meza inawekwa nje kwa ajili ya mnada: mkungu wa ndizi, trei la mayai, kuku, maziwa kwenye kibuyu, chochote ambacho mtu amemletea Mungu badala ya fedha. Anayenadi ni Gadiel, mtu wa utani, anayeweza kukuuzia kuku wako mwenyewe. Na mnada wetu una sheria ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mtoto anaijua: ukinunua kitu ukaondoka nacho, ni chako, ukinunua ukakiacha, umekirudisha. Kinanadiwa tena, au kinakuwa cha kanisa, na wewe unashangiliwa. Watu wenye uwezo hufanya hivyo makusudi. Kuna kuku mmoja aliwahi kununuliwa na kurudishwa mpaka akachoka, akalala mezani mwenyewe.

Jumapili ile Ndeshi alikuwa ameshauza mbuzi wake jike, yule aliyemtegemea, bila kumwambia mtu isipokuwa Peter na mimi. Mpango tulikuwa tumeupanga vizuri. Angenunua mashine, mimi ningemtafutia kazi kwa wateja wangu Kaloleni na Levolosi, makochi na makapeti, na fagio la kanisa angelirudisha kwa wenyewe. Mpango wa kawaida kabisa wa mtu anayetaka kupumua.

Gadiel aliposhika ile mashine alikuwa hajui hata upande wa mbele ni upi. Akauvaa mpira shingoni, watu wakacheka. Lakini alimwona Ndeshi amesimama mbele, na Gadiel si mjinga. Kila Ndeshi aliponyoosha mkono, akageukia upande wa akina baba: "Jamani, Mama Allen anataka kuwashinda? Mwanamke wa fagio?" Wakawa wanapandisha kwa kicheko tu, watu ambao nyumba zao zina sakafu ya udongo na hawana hata pa kuichomeka. Nilikuwa nyuma yake nimeuma meno. Alifika mwisho wa pesa ya mbuzi, akaongeza ya sare ya kwaya, ndipo ikagongwa kuwa yake. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nikamshika bega, nikamwambia Jumatatu ya wiki inayofuata tunaanza kazi, nikakimbilia gari la mtu aliyekuwa anashuka mjini.

Laiti ningebaki. Mvua ilishuka mara tu baada ya hapo, mvua ya Aprili, na njia ya kwenda kwa Ndeshi ni mteremko wa udongo ambao hata mbwa huupita kwa kufikiri. Mashine ni nzito. Akamwomba Mwinjilisti amhifadhie sakristia, kile chumba kidogo kando ya madhabahu, mpaka Peter apate nafasi ya kuja na bodaboda. Mwinjilisti, kijana mmoja mwema asiye na msimamo, akasema hakuna shida, akafunga mlango kwa funguo.

Peter alipokwenda katikati ya wiki akaambiwa asubiri kwanza, wazee wanasema mashine imerudishwa. Ndeshi akanipigia simu.

"Wifi," akasema kwa ile sauti yake, "wamenishukuru."

"Wamekushukuru kwa nini?"

"Kwa mashine. Nimetajwa kwenye maombi ya jumuiya asubuhi. Wamesema nimelitolea kanisa."

"Na wewe ukasema nini?"

Akasema, "Walikuwa wamefumba macho, wifi. Wanaomba."

Niliweka simu chini nikashona mshono mzima bila uzi kwenye sindano. Mtu anauza mbuzi wake ili aache kuvuta vumbi lenu, mnamnyang'anya mashine, halafu mnamwombea baraka. Jumamosi nilipanda na gari la kwanza.

Mimi na Ndeshi tuliwakuta kanisani Mzee Sadoki na Mwinjilisti. Mzee Sadoki ndiye kiongozi wa wazee wa kanisa, mtu wa koti na kofia, mwenye tabia ya kukuitikia salamu huku anatazama kitu kingine. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba huku anatazama dari.

"Mzee," nikasema, "tumekuja kuchukua mashine ya Mama Allen."

"Mama Princess, ninyi watu wa mjini mna haraka. Kitu cha mnada kikiachwa, kimerudishwa. Wewe umezaliwa hapa, unajua."

"Kikiachwa mezani, Mzee. Hii haikuachwa mezani. Iliwekwa sakristia kwa sababu ya mvua, na Mwinjilisti mwenyewe ndiye aliyefunga mlango."

Mzee Sadoki akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. "Sakristia ni karibu na madhabahu kuliko meza ya mnada," akasema. "Kwa hiyo imerudishwa zaidi."

Nikamgeukia Mwinjilisti. Akakuna kisogo, akasema yeye alidhani ni ya kuhifadhi, lakini wazee walipolizungumza akaona labda alidhani vibaya. Nilitamani kumtikisa kama mti wa parachichi.

Mzee Sadoki akaendelea kwa upole wa mtu aliyeshinda. Mashine itabaki kanisani. Mama Allen ataitumia kufagilia, maana yeye ndiye anayeijua. Tena wazee wameona mbali zaidi: itakodishwa kwa watu wa mjini wenye makapeti, ipatikane chochote cha kumalizia ukuta wa choo, na Mama Allen atakwenda nayo kuifanyia kazi kama huduma. Mungu hatamsahau.

"Mungu hajamsahau," nikasema. "Mnaomsahau ni ninyi."

"Wifi," Ndeshi akaniambia chini chini.

"Usiniambie wifi. Sema na huyu."

Ndeshi alikuwa anatazama mlango wa sakristia. Mzee Sadoki akaona mambo yanaweza kuharibika, akasema, "Kwanza tujue kama inafanya kazi. Tusije tukagombania chuma chakavu." Naamini moyoni alikuwa anaomba iwe mbovu, tugawane hasara kwa amani.

Basi Ndeshi akaitoa. Nilimwona mtu mwingine kabisa. Aliishusha taratibu, akafungua vishikizo bila kuvitazama, akaenda kwenye bomba la nje akaja na maji safi kwenye bakuli, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha kuona kama amefika kwenye mstari. Soketi ni moja tu pale mbele, ile ya kinanda. Plagi ya mashine ni ya Kizungu, ya miguu miwili, kwa hiyo Mwinjilisti akatoa kalamu yake, Ndeshi akaisukuma kwenye tundu la juu, plagi ikaingia. Akawasha. Ilinguruma vibaya sana, Mzee Sadoki akarudi nyuma hatua kadhaa na kukumbatia kofia yake kifuani.

Ndeshi akaanza kwenye kona ya kapeti, pale chini ya mimbari. Maji yalikuwa meupe. Alikwenda mbele na kurudi, polepole, na kabla hajafika katikati maji yakawa ya chai. Akasogea pale wanapopiga magoti watoto wa kipaimara. Yakawa ya kahawa. Alipofika mwisho wa kapeti yalikuwa tope jeusi lenye nywele, mabawa ya kumbikumbi na vipande vya nta, na yalikuwa yanazunguka ndani ya bakuli mbele ya macho yetu wote wanne. Akazima. Kapeti lilikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe.

Mzee Sadoki akainama, akalichungulia bakuli muda mrefu. Kisha akanyooka, akasema neno ambalo hata sasa sijalisahau.

"Kumbe, Mama Allen. Miaka yote hii hapa mbele ulikuwa hufagii."

Nilifungua mdomo. Namshukuru Mungu sikuwahi kutoa kilichokuwemo, kwa sababu Ndeshi alishaweka mpira chini. Alikuwa anakohoa, akangoja kikohozi kiishe, akajifuta mdomo kwa upande wa khanga.

"Nilifagia kila Jumamosi, Mzee," akasema. "Haya ni yale yaliyobaki. Yale yaliyotoka hayakwenda nje, milango mlisema nifunge." Akajigonga kifua kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Yako hapa."

Hakupandisha sauti hata hapo. Lakini kanisa lile lina mwangwi, na lilirudia.

Mwinjilisti alikuwa anatazama bakuli, kisha anamtazama Ndeshi, kisha bakuli, na nikaona uso wake unabadilika. Mwishowe yule kijana asiye na msimamo akapata msimamo. "Mzee," akasema, "mashine ni ya Mama Allen. Mimi niliipokea kama mzigo wa mtu."

Mzee Sadoki akavaa kofia humo humo ndani ya kanisa. "Achukue," akasema. "Lakini fagio tutampa mwingine." Alisema kana kwamba anamnyima kitu.

Tuliiteremsha siku hiyo hiyo, Peter ameshika kichwa, mimi mpira, Ndeshi bakuli lake kifuani. Kazi tulianzia Levolosi, kwa mteja wangu mmoja mwenye makochi ya vitambaa vya maua, na alipoyaona maji aliita majirani waje waone. Wakaja, wakashika vichwa, wakaanza kugombania zamu. Miezi ile Ndeshi alinenepa uso. Nilipolala nyumbani mwezi wa saba, alfajiri nikamsikia anakamua ng'ombe, nikasikia maziwa yanavyogonga ndoo, na sikusikia kitu kingine. Nililala pale nikitabasamu peke yangu kitandani kama mwehu.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye raha zangu.

Fagio walimpa Namelok, mke kijana wa familia moja ya pale juu, aliyeolewa kutoka upande wa magharibi wa mlima, hana ndugu karibu wa kumsemea. Alikuwa na mimba ya kwanza. Hilo nililijua, na nilichukia, lakini nilichukia kwa mbali. Kilichonipandisha mori ni pale Peter aliponipigia kuniuliza kama najua fundi wa kubadilisha gurudumu la mashine, maana limevunjika kwenye njia ya kanisani.

"Njia ya kanisani mashine inafuata nini?" nikamuuliza.

Kaka yangu hajui kudanganya. Kila Jumamosi Ndeshi alikuwa anapandisha ile mashine mlima ule, anafyonza kapeti na sakafu yote, anamwaga maji, anarudi nyumbani. Posho anapewa Namelok. Yeye hapewi hata asante.

Nilimfuata. Nilimkuta uwanjani anaosha bakuli, nikamwambia yote niliyokuwa nayo, mengine hata hayakumhusu. Nikamwambia Sadoki alitaka mashine kanisani na mtumishi wa bure, na sasa anavyo vyote viwili. Nikamwambia mbuzi wake ameuzwa bure. Aliosha mpaka nikamaliza.

"Namelok ni mjamzito, wifi," akasema. "Na milango bado wanafungisha."

"Basi waambie wafungue milango."

"Niliwaambia. Wakasema mbuzi."

Nikaondoka bila kuaga. Wiki mbili tatu sikupanda.

Nilipanda Jumapili ya mavuno, kwa sababu Jumapili hiyo hata mtu mwenye hasira haikosi. Nilikaa karibu na Ndeshi. Namelok alikuwa benchi la mbele yetu, tumbo limeshakuwa kubwa, anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Kapeti lilikuwa linang'aa. Ukafika wakati wa matangazo, Mzee Sadoki akasimama, akasoma ya vifo na ya ndoa, kisha akaondoa miwani.

"Wapendwa, mnaona wenyewe jinsi nyumba ya Bwana ilivyo safi," akasema. "Hii ni kazi ya mashine yetu, mashine ya kanisa, ambayo sisi wazee tuliona mbali tukaitafuta. Tumpigie Bwana makofi."

Watu wakapiga makofi. Kwetu hakuna mtu anayesema kitu wakati wa matangazo, sijawahi kuona tangu nikiwa mtoto. Nilisimama. Nilisikia mabenchi yanalia watu wanavyogeuka, nikaona mpaka Gadiel kule mlangoni amenyoosha shingo.

"Mashine ni ya Ndeshi," nikasema. "Aliinunua kwa mbuzi wake. Ya kanisa ni mavumbi."

Mzee Sadoki akabaki na miwani mkononi. Mwinjilisti akainama. Nilikuwa nimeanza tu, maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni mengine nyuma ya mengine, na nilikuwa na haki ya kila moja. Nikahisi gauni langu linavutwa. Ndeshi alikuwa ameshika pindo kwa mikono yote miwili, macho yako mgongoni kwa Namelok.

"Kaa, wifi," akaninong'oneza. "Wakikasirika watanikataza kuingia, na fagio litarudi kwa huyu."

Nikakaa.